Masikio ya Mafundi wa Bati

Mafundi wa bati wa Kibera na Kawangware, Nairobi, hatukununua fuawe. Tulisimika kipande cha reli chakavu, na juu yake tukakunja bati la mapipa ya mafuta mpaka likawa jiko, sanduku au karai. Kazi hiyo nilifunzwa Makina, Kibera, na mzee aliyeipata Shauri Moyo. Baadaye nikafungua kibanda changu Kawangware. Mzee yule hakuitika ukimwita kutoka nyuma. Wateja walidhani ana kiburi. Sisi wanagenzi tulijua ni nyundo, na uziwi wake tukauona kama sugu za viganjani, dalili ya fundi aliyekomaa.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika habari za wafua shaba wa Venice, waliogonga kutwa nzima katika mtaa wao mmoja hata masikio yakawa mazito, na uzeeni wakawa viziwi. Miaka mia tatu baadaye tuligonga vivyo hivyo, bega kwa bega chini ya paa la bati linalourudisha kila mshindo.

Sifa tulipewa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwatetea watu wanaojitafutia riziki nje ya ajira rasmi. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogondogo na jua kali, yaani kazi kama yetu. Katika mikutano niliyohudhuria tuliongea mikopo, umeme na ardhi. Masikio hayakutajwa hata siku moja. Kisha umeme ukafika, grainda ikaja, na grainda ikikata chuma huvuka desibeli 90 bila taabu.

Masikio yakiumia kwa kelele, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Mjukuu wangu akiongea nasikia kwamba anaongea, ila maneno hayashikiki. Usiku majirani wakilala, mlio mwembamba unabaki kichwani mwangu, haukomi. Daktari alinieleza kwamba chembe za ndani ya sikio zenye vinyweleo zikifa hazioti tena, na kwamba hakuna kidonge cha kuuondoa mlio huo. Huwa naacha redio ikiongea kwa sauti ya chini ndipo usingizi unikubali.

Sheria ipo. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8, na zikamtaka mwajiri awe na mpango wa kulinda masikio kelele inapozidi 85. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inagusa kila mahali pa kazi, hata kibanda changu. Lakini fidia ya ugonjwa wa kazi hudaiwa kwa mwajiri, na fundi aliyejiajiri hana wa kumdai. Hilo naliona ni dhuluma, kwa sababu majiko yetu yamepikia watu wengi wa mji huu.

Kaunti ya Nairobi ipime masikio ya mafundi katika vituo vya afya vya Kibera na Kawangware. Nawe kijana uliyeanza kushika grainda, nunua viziba masikio vya sponji kabla ya kununua simu mpya, uvivae leo, maana mimi nilipokwenda kwa daktari kilichopotea hakikurudishika.