Wachavushaji Waliosahauliwa: Tumbe, Karafuu na Historia ya Kilimo cha Pemba

Makala haya yanajadili nafasi ya utegemezano wa mimea na wachavushaji katika historia ya kilimo ya Tumbe, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Hoja inayojengwa ni kwamba historia hiyo imeandikwa kwa kutazama mkono wa mkulima na soko la mfanyabiashara, huku viumbe vilivyoiwezesha mimea kuzaa vikiachwa pembeni.

Chanzo cha kwanza cha upungufu huo ni aina ya ushahidi uliopo. Uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher ulibainisha kuwa Tumbe ilikuwa makazi makubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Uchambuzi wa mabaki ya mimea uliofanywa na Sarah Walshaw ulionyesha kuwa wakazi wake walitegemea zaidi uwele, ilhali katika mji jirani wa Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga ndio uliotamalaki. Nafaka hizo mbili zinakaribiana katika jambo moja: uwele huchavushwa hasa na upepo, na mpunga hujichavusha wenyewe. Punje iliyoungua hudumu ardhini kwa karne nyingi. Ua la mbuyu au la msufi, linalofunguka usiku na kutembelewa na popo, halidumu. Hivyo udongo umehifadhi zaidi kumbukumbu ya mimea isiyohitaji mshirika. Ukimya huo usichukuliwe kuwa ushahidi wa kutokuwapo.

Chanzo cha pili ni zao la karafuu. Karafuu iuzwayo ni tumba lililochumwa kabla ya kufunguka. Nyuki afikapo hukuta limekwisha kuanikwa. Ni rahisi basi kudhani kwamba zao hilo halina deni kwa mdudu. Hata hivyo, miche huoteshwa kutokana na matunda yaliyoachwa yaive, na ingawa ua la mkarafuu laweza kujichavusha, nyuki huhamisha chavua kati ya mti na mti. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa mzalishaji mkuu. Upanuzi huo ulitokana na maua ambayo hayakuchumwa.

Upanuzi huohuo ulifyeka misitu, makazi ya popo wa Pemba, aliyeainishwa kisayansi na Matschie mwaka 1909 na asiyepatikana kwingineko duniani. Popo huyu hula matunda na maua, husambaza mbegu na kubeba chavua. Kufikia mwaka 1996 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu ya uwindaji na ukataji miti. Vikundi vya wanavijiji vilipoanza kulinda miti anamolala, idadi yake iliongezeka, na mwaka 2008 daraja la hatari likateremshwa.

Inahitimishwa kwamba Msitu wa Ngezi, ulio magharibi mwa Tumbe, si mabaki tu ya mandhari ya kale. Ni sehemu ya kumbukumbu ya kilimo ambayo udongo haukuweza kuihifadhi, na ukifyekwa, hakuna uchimbaji utakaoirejesha.