Larbi Ben Barek na Kandanda ya Enzi za Himaya

Historia ya wanasoka wa Moroko waliocheza kwa malipo barani Ulaya haielezeki vema bila kuanza na utawala wa himaya, yaani mfumo uliowekwa na Mkataba wa Fes wa mwaka 1912, ambao ulimwacha Sultani kwenye kiti chake huku madaraka halisi ya sehemu kubwa ya nchi yakiwa mikononi mwa Wafaransa na ukanda wa kaskazini ukisimamiwa na Wahispania. Mfumo huo ndio uliosajili klabu na kupanga mashindano, na ndani yake alikulia Larbi Ben Barek wa Casablanca, mchezaji ambaye kati ya 1938 na 1955 alitamba Ufaransa na Hispania kwa kipaji kilichowashangaza waliomtazama, lakini ambaye safari yake ilikatizwa na vita na ufanisi wake ukaandikwa katika madaftari ya nchi isiyokuwa yake.

Casablanca ya utotoni mwake ilikuwa bandari iliyopanuka kwa kasi, na mwaka wake wa kuzaliwa hutajwa na baadhi ya waandishi kuwa 1914 na wengine kuwa 1917, jambo la kawaida kwa watoto wa mitaa ya Waafrika ambao vizazi vyao havikuandikwa kwa uangalifu uliotolewa kwa watoto wa walowezi. Ligi ya Moroko ilikuwa tawi la shirikisho la soka la Ufaransa, na klabu yenye nguvu kuliko zote jijini ilikuwa Union Sportive Marocaine, iliyoanzishwa na Wafaransa mwaka 1913. Wamoroko hawakuzuiwa kabisa kuingia viwanjani, ila walikaribishwa kwa masharti ya wenye klabu. Itoshe kukumbuka kwamba Wydad, ambayo leo ni miongoni mwa klabu kubwa za Afrika, ilianzishwa mwaka 1937 kwa sababu Wamoroko walitaka nafasi katika mabwawa ya kuogelea ya bandarini yaliyokuwa yakihodhiwa na Wazungu, na timu yake ya soka ilifuata baadaye. Ben Barek alianzia katika klabu ndogo iliyoitwa Idéal, kisha akachukuliwa na Union Sportive Marocaine, na huko ndiko mawakala wa klabu za Ufaransa walikomwona.

Ufaransa ilikuwa imeruhusu soka ya kulipwa mwaka 1932, na kabla ya hapo wachezaji wote walihesabiwa kuwa wa ridhaa, yaani watu wanaocheza bila mshahara. Mara mlango huo ulipofunguliwa, klabu za kusini mwa nchi zilianza kutazama ng'ambo ya Bahari ya Mediterania, ambako vipaji vilikuwa vingi na bei yake ndogo. Ben Barek aliingia Olympique de Marseille mwaka 1938, na katika msimu wake wa kwanza klabu hiyo ilimaliza ya pili nyuma ya Sète. Alicheza zaidi katika nafasi ya mshambuliaji wa ndani, ile ambayo mashabiki wa Kiswahili wamezoea kuiita namba nane au namba kumi, akiunganisha viungo na washambuliaji wa mbele kwa chenga, pasi na mikwaju ya miguu yote miwili.

Tarehe 4 Desemba 1938 aliichezea Ufaransa kwa mara ya kwanza, mjini Naples, dhidi ya Italia iliyokuwa bingwa wa dunia. Wiki chache tu kabla ya hapo serikali ya Mussolini ilikuwa imetangaza sheria za ubaguzi zilizowalenga hasa Wayahudi, na watazamaji walimzomea mchezaji huyo mweusi. Masimulizi yaliyoenea nchini Ufaransa yanasema kwamba aliwajibu kwa kuuimba wimbo wa taifa wa Ufaransa kwa sauti kuu. Ufaransa ilifungwa bao 1-0, lakini magazeti yakawa yamepata jina la kumpa, lulu nyeusi, jina la sifa ambalo hata hivyo lilitanguliza rangi ya ngozi mbele ya kazi ya miguu.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka Septemba 1939 alirudi Casablanca, akabaki huko akiichezea klabu yake ya zamani mpaka 1945. Hasara hiyo haipimiki kwa takwimu, kwa kuwa miaka hiyo sita ilikuwa ile ambayo mwili wa mwanasoka huwa umekomaa na bado haujachoka, na mechi za kimataifa zilikuwa karibu zimekoma. Kila anayemlinganisha na nyota waliomfuata hana budi kuliweka jambo hilo mizanini.

Baada ya vita alisajiliwa na Stade Français ya Paris, ambako kocha alikuwa Helenio Herrera, mzaliwa wa Buenos Aires aliyekulia Casablanca na kujifunzia soka huko huko, kisha akaja kuwa mmoja wa makocha mashuhuri zaidi wa karne. Ni haki kusema kwamba viwanja vya Casablanca viliipa Ulaya watu wawili hawa kwa pamoja. Mwaka 1948 Stade Français ilimuuza Ben Barek kwa Atlético ya Madrid, kwa ada inayotajwa kuwa faranga milioni 17, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule, na mwaka uliofuata Herrera naye akawa kocha wa klabu hiyo. Kwa safu ya mbele iliyomjumuisha pia Msweden Henry Carlsson, Atlético ilitwaa ubingwa wa Hispania mara mbili mfululizo, mwaka 1950 na 1951.

Maana ya miaka hiyo ya Madrid ni pana kuliko vikombe. Muongo mmoja tu ulikuwa umepita tangu maelfu kwa maelfu ya askari wa Kimoroko waliposafirishwa kupigana upande wa Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyoacha kumbukumbu chungu juu ya Wamoroko katika nyumba nyingi za Hispania, na sasa Mmoroko mmoja alishangiliwa katika mji uleule ambao askari hao walikuwa wameuzingira. Katika msimu wa 1951-52 klabu ya Atlético Tetuán, yenye makao yake Tetuan katika ukanda wa Moroko uliotawaliwa na Hispania, ilishiriki ligi kuu ya Hispania, hivi kwamba timu za Madrid zilivuka mlango wa bahari wa Gibraltar kwenda kucheza mechi za ligi yao katika ardhi ya Afrika. Kwa upande wa Ufaransa, kuhamia kwake Hispania kulimgharimu: wateuzi hawakumwita tena kwa miaka sita.

Alirejea Marseille mwaka 1953, mwaka uleule ambao Wafaransa walimwondoa Sultani Mohammed V na kumpeleka uhamishoni, kwanza Korsika na baadaye Madagaska. Septemba 1954 tetemeko la ardhi liliuharibu mji wa Orléansville nchini Algeria, na tarehe 7 Oktoba ikachezwa mjini Paris mechi ya kuchangisha fedha za wahanga, kati ya timu ya taifa ya Ufaransa na kikosi cha wachezaji wa Afrika Kaskazini. Kikosi hicho, ambacho Ben Barek alikuwa nguzo yake, kilishinda 3-2, na chini ya wiki nne baadaye vita vya ukombozi wa Algeria vilianza. Ushindi huo ulionyesha hadharani kwamba watawaliwa waliokuwa wakiazimwa mmoja mmoja waliweza kuishinda timu iliyowaazima. Siku tisa baada ya mechi ile Ufaransa ilimwita tena Ben Barek, akacheza dhidi ya Ujerumani Magharibi mjini Hannover mpaka alipoumia. Hiyo ikawa mechi yake ya 17 na ya mwisho, miaka 15 na miezi 10 baada ya ile ya Naples, na hakuna mchezaji mwingine wa Ufaransa ambaye muda wake katika timu ya taifa umekuwa mrefu kiasi hicho.

Moroko ilipata uhuru mwaka 1956, naye akiwa amepita umri wa kuichezea, hivyo akaitumikia akiwa miongoni mwa makocha wake wa kwanza. Waliomfuata walikuta njia tofauti: Hassan Akesbi wa Tangier alifunga mabao mengi akiwa Nîmes, kisha akawa bingwa wa Ufaransa na Reims mwaka 1962, na wakati huohuo alikuwa na timu ya taifa ya kwao. Achraf Hakimi, aliyezaliwa Madrid mwaka 1998 kwa wazazi wa Kimoroko, angeweza kuichezea Hispania lakini aliichagua Moroko, uchaguzi ambao Ben Barek hakupata kupewa.

Ben Barek alifariki Casablanca Septemba 1992, akiishi peke yake, na mwili wake ukapatikana siku kadhaa baadaye. FIFA ilimtunukia nishani yake ya heshima mwaka 1998, miaka sita baada ya mazishi, ilhali alikuwa ameishi karibu miaka 40 baada ya kuacha kucheza, muda uliowatosha wote waliofaidi kazi yake, Ulaya na nyumbani, kumpa heshima hiyo akiwa hai.