Kutu kwenye bolti za mkuku: hatari iliyofichika chini ya mashua ya tanga

Mkuku wa jahazi ni gogo la mbao ambalo chombo hujengwa juu yake. Mkuku wa yoti nyingi za kisasa ni tofauti: ni pande zito la chuma au risasi lililofungwa chini ya faibaglasi kwa bolti na nati. Uzito huo ndio unaoizuia yoti kupinduka upepo unapojaza matanga.

Mnamo Mei 2014, yoti ya Uingereza iitwayo Cheeki Rafiki, iliyokuwa ikitoka Antigua kuelekea Southampton, ilipoteza mkuku wake katika Bahari ya Atlantiki. Mabaharia wake wanne hawakuonekana tena. Ripoti ya wachunguzi wa Uingereza ya mwaka 2015 ilisema huenda kugota chini hapo awali, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulidhoofisha mahali ulipofungiwa mkuku. Aidha, iliongeza kuwa huenda bolti moja au zaidi zilikuwa zimechakaa.

Hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu hakisalimiki. Chuma hicho hulindwa na utando mwembamba unaohitaji oksijeni ili kujirudisha. Maji ya chumvi yakipenya kwenye kiungo cha mkuku na kutuama humo, oksijeni huadimika, utando hutoboka na bolti hulika kiunoni. Nati iliyo ndani ya ngama yaweza kung'aa ilhali bolti yenyewe imekonda.

Dalili ni michirizi ya kutu ngamani, ufa kati ya mkuku na mashua, na maji yanayotiririka kutoka kwenye ufa huo chombo kikishapandishwa nchi kavu. Hata hivyo, hakikisho la kweli hupatikana kwa kuchomoa bolti moja au mbili na kuzitazama. Eksirei nayo husaidia.

Kwa kawaida, bolti zilizopenyezwa kwenye mkuku wa chuma huweza kutolewa na kubadilishwa. Zilizosubiwa ndani ya risasi ni kazi ngumu zaidi: fundi hutoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani, kisha huchimba vishimo ubavuni mwa mkuku ili kufungia nati.

Mkuku ukishushwa, nyuso zote mbili husafishwa hadi zikauke na kupakwa gundi mpya ya kuzuia maji. Baadaye, mkuku huinuliwa na nati kukazwa kwa zamu, kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango alichoagiza mtengenezaji. Mashua ikishakaa majini kwa muda, nati hukaguliwa tena.

Kosa kubwa ni kukaza nati tu pindi maji yanapovuja. Bolti iliyolika yaweza kukatika papo hapo, au ikasubiri dhoruba. Kwa hivyo, anayenunua yoti kuukuu hana budi kuuliza kwanza bolti zilichomolewa lini kwa mara ya mwisho.