Mafuta Hayaishii Gatini

Anayevuka kwa pantoni kwenda Kigamboni akitupa macho upande wa bahari huona meli zimetia nanga nje, zikingoja zamu. Mimi nimeziona mara nyingi, na zile za mafuta ndizo zinazonikosesha raha. Meli ya mafuta ikikawia kupita siku za mkataba, mwenye nayo hudai malipo kwa kila siku, tena kwa dola. Malipo hayo huingizwa katika bei, na mwisho wake hulipwa na mwenye daladala na mama mwenye jiko la mafuta ya taa.

Tatizo hili lina historia. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru huko Rhodesia, na mwezi uliofuata Zambia ikakosa mafuta yaliyokuwa yakipitia kwa jirani huyo. Tegemeo likawa Dar es Salaam. Mapipa yalipakiwa katika ndege, mengine katika malori yaliyokwenda kwa barabara ya vumbi na matope, iliyobandikwa jina la Njia ya Jahanamu. Bandari ilikuwapo, kilichokosekana ni njia ya kuyatoa mafuta bandarini. Mwaka 1968 ndipo bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilipofika Ndola.

Somo hilo tulilipata mapema, lakini tukalifuata nusunusu. Gati la mafuta la Kurasini haliwezi kupokea meli kubwa sana. Kwa hiyo likawekwa boya huko Mjimwema, ambapo meli za hadi tani 150,000 hufungwa na kusukuma mafuta nchi kavu kwa bomba la chini ya bahari. Meli zikawa kubwa, lakini huku nchi kavu mafuta yakaendelea kugawanywa katika maghala ya makampuni mbalimbali, kila moja na matangi yake. Ni sawa na kumimina debe zima katika chupa ishirini kwa faneli moja.

Mwaka 2024 serikali ilitia saini mkataba wa kujenga matangi 15 ya pamoja huko Kigamboni, yenye uwezo wa lita milioni 378. Hatua hiyo naisifu. Lakini nani atatuhesabia siku?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hutangaziwa bei kikomo ya mafuta. Naomba siku hiyo hiyo tutangaziwe pia meli zilikaa nangani siku ngapi, na nani alilipia.