Panya, Choo na Kalamu ya Mdhibiti

Stratford, mashariki mwa London, lipo jumba la maigizo la Theatre Royal, lililofunguliwa mwaka 1884. Mwaka 1953 Joan Littlewood na kundi lake, Theatre Workshop, walihamia humo. Miaka minne baadaye waliigiza *You Won't Always Be on Top*, tamthilia ya Henry Chapman kuhusu mafundi ujenzi. Waigizaji wake walizoea kubuni maneno papo hapo jukwaani, ilhali sheria ya mwaka 1843 ilitaka maandishi ya tamthilia yapitishwe kwanza na Lord Chamberlain, afisa wa kasri ya kifalme. Wakaguzi walikuja, wakaketi, wakasikiliza. Mwaka 1958 Littlewood na wenzake walishtakiwa, wakatozwa faini ndogo. Kilichokera zaidi ni mwigizaji kuiga sauti ya Churchill akizindua choo cha umma. (Choo, kwa hakika, si kitu kigeni kwa fundi ujenzi.)

Kesi hiyo haikuhusu distopia, lakini inaonyesha kipimo kilichotumika: neno lililosikika, si kazi ya neno hilo katika kisa. Kipimo hichohicho kilikuwa kimekwisha kuelekezwa kwa Orwell. Tarehe 12 Desemba 1954 BBC ilirusha *Nineteen Eighty-Four* kwenye televisheni, ambako mkono wa Lord Chamberlain haukufika. Malalamiko yalimiminika, na baadhi ya wabunge wakawasilisha hoja ya kulaani ngono na ukatili waliouona. Siku nne baadaye mchezo ukaigizwa tena, mubashara kama mara ya kwanza.

Walalamikaji waliyahesabu mapenzi na mateso kama makosa mawili. Katika riwaya ni jambo moja. Winston anapotishwa kwa panya katika Chumba 101, anachosalimisha ni Julia. Futa mapenzi yao, nawe umebaki na mtu na panya tu, yaani mateso ya kutazamwa kwa starehe. Mdhibiti anayekata nusu ya kwanza ili kulinda maadili ndiye anayeifanya nusu ya pili kuwa chafu.

Sisemi kwamba umri si kitu. Mtoto wa miaka kumi hana haja ya Chumba 101, na mwalimu anayempa kitabu hicho amekosea. Ila hilo ni suala la nani asome na lini.

Kwetu, *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya ngono iliyomo. Si riwaya ya distopia, ingawa Rosa anaishi chini ya udhibiti mkali wa baba yake, na riwaya inaonyesha wazi jinsi ukali huo unavyomfikisha kwenye maangamizi. Waliosoma kurasa za kitandani peke yake walikosa kumwona Zakaria. Uingereza ilifuta mamlaka ya Lord Chamberlain juu ya maigizo mwaka 1968. *Rosa Mistika* nayo baadaye iliingia katika orodha ya vitabu vya kutahiniwa, bila Zakaria kupunguziwa ukali.