Maji na Upepo: Historia ya Kuipoza Injini

Msomaji, bila shaka umepata kuiona motokaa iliyosimama kando ya barabara jijini Nairobi saa za jioni, boneti imeinuliwa, mvuke wapanda, na mwenyewe kajishika kiuno. Asubuhi aliupanda mlima kutoka Naivasha, na mshale wa joto haukutikisika. Jioni akaingia katika msongamano wa magari, akawa aenda hatua mbili na kusimama, na injini ikachemka. Yawaje mtambo ulioshinda mlima ushindwe na mwendo wa kobe? Jibu limo katika historia, na mwenye kuijua hadanganyiki upesi.

Injini ni tanuri. Katika joto lote litokalo kwa petroli, karibu theluthi moja hulazimu kuchukuliwa na maji na kutupwa nje. Likibaki ndani, chuma huvimba na kukwama. Karl Benz wa Ujerumani, aliyepewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa motokaa mwaka 1886, alilitambua jambo hili. Lakini dawa yake ilikuwa kuyaacha maji yachemke na kupotea kwa mvuke. Mwezi wa Agosti 1888, mkewe Bertha na wana wao wawili walisafiri kwa motokaa hiyo kutoka Mannheim hata Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Iliwabidi kusimama mara kwa mara njiani kutafuta maji. Siku zile, basi, kuchemka hakukuwa ugonjwa wa motokaa. Ndiko kulikokuwa kupozwa kwake.

Injini zilipoongezeka nguvu, hila hiyo haikutosha tena. Ndipo Wilhelm Maybach alipounda rejeta mfano wa sega la nyuki, iliyotumika katika motokaa ya Mercedes ya mwaka 1901. Ilikuwa na vijibomba 8,070 vyembamba. Upepo ulipita ndani yake na maji yakazunguka nje yake. Maji yale yale yalitumika tena na tena, na lita 9 zikatosha. Lakini zingatia: upepo huo ulitokana na mwendo wa motokaa yenyewe. Je, ikienda polepole? Maybach hakulisahau swali hilo, akaweka feni nyuma ya rejeta ili ivute hewa wakati mwendo ni mdogo. Tangu hapo ikajulikana kwamba barabarani upepo huletwa na safari, na katika msongamano upepo huletwa na feni.

Baadaye mafundi waliongeza hila nyingine: mfuniko unaoyabana maji. Maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Jambo hili latuhusu sana sisi, kwa maana Nairobi i zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Mfuniko mzima huyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Mfuniko uliolegea huuondoa ulinzi huo wote, ijapokuwa ni kitu kidogo cha bei ndogo.

Sasa rudi kwa yule mwenzetu wa kando ya barabara. Fundi mwenye pupa atamwambia anunue rejeta mpya. Wewe uliyeifuata historia utauliza kwanza: motokaa hii huchemka lini? Ikiwa hupanda mlima salama na huchemka isimamapo, yaelekea maji yazunguka vema na kilichokosekana ni upepo. Anza na feni. Motokaa nyingi za leo zina feni ya umeme. Iache injini ingurume motokaa ikiwa imesimama, utazame mshale, na mikono uiweke mbali. Mshale ukipanda kupita kawaida na feni isizunguke, kagua fyuzi, nyaya, swichi ya joto, na mota ya feni yenyewe. Ikiwa feni huendeshwa na mkanda, tazama kama mkanda umelegea. Ikiwa feni yazunguka barabara, chungulia mapezi ya rejeta, huenda yamezibwa na matope na wadudu. Kisha upime kiasi cha maji na uukague mfuniko. Bali motokaa ichemkayo hata katika mwendo wa kasi, shuku rejeta iliyoziba ndani, pampu ya maji, au thamostati iliyokwama.

Wako watu waing'oao thamostati na kuitupa, wakidhani wameiponya injini. Haileti upepo hata chembe tendo hilo. Injini hukawia kupata joto lake la kazi, hula petroli zaidi, na huchakaa mapema.

Nakusihi jambo moja kuliko yote: usiufungue mfuniko wakati injini ni moto. Maji yaliyobanwa yakifunguliwa ghafula huchemka papo hapo na kuruka nje, nayo yaweza kukuunguza uso na macho. Mshale ukikaribia alama nyekundu, zima kipoza hewa, ufungulie joto la ndani ya motokaa ili lipunguze la injini, kisha utafute mahali pa kusimama na kuzima. Ngoja mpaka ipoe kabisa. Aendeshaye kwa ukaidi huweza kupinda kichwa cha injini, na fyuzi ya shilingi chache ikamgharimu injini nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Bertha Benz alisimama kila mara kuongeza maji kwa sababu dawa nyingine haikuwapo bado. Sisi tumerithi rejeta, feni na mfuniko, kila kimoja ni jibu la swali aliloliuliza mtu zamani. Mwenye kuyakumbuka maswali hayo ataufikia ugonjwa wa injini yake kabla mfuko wake haujatoboka.