Mabwawa ya majitaka, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam
Mfumo wa kusafisha majitaka ya kampasi ya Mlimani kwa jua, mwani na bakteria, bila mashine za kupuliza hewa. Mwani hutoa oksijeni. Bakteria huitumia kumeng'enya uchafu. Jua huua vimelea. Watafiti wa chuo waliongeza jaribio lenye thamani kubwa: kupitisha maji kwenye kitanda cha kokoto kilichooteshwa matete ya spishi *Phragmites mauritianus*, ambayo mizizi yake hufuga vijidudu vinavyosafisha zaidi. Maji yaliyosafishwa hivi hutumika kumwagilia miti na bustani, hayanywewi. Mbinu hii ingeufaa sana Mkoa wa Songwe, hasa Tunduma, mji wa mpakani wenye uhaba wa maji wa muda mrefu.